DAKTARI, JEMBE NA SALA (Sehemu ya 7)

Leo siongelei homa wala upele wa nepi. Leo naongelea jembe. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaniuliza nesi na jembe wapi na wapi.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtoto haponi kwa dawa ya wodini peke yake. Sisi tunamtoa kwenye hatari, basi. Kinachomrudishia afya yake ni chungu cha nyumbani, na chungu kinategemea kilichopandwa au kilichonunuliwa kwa akili. Tatizo letu ni kwamba tumegawa kazi: dawa ni za nesi, chakula ni cha mama, sala ni za mchungaji au shehe. Kila mmoja na lake. Katikati hapo mtoto anadondoka.

Kuna daktari mmoja ambaye hakugawa. Anaitwa Albert Schweitzer. Alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Kaysersberg, Alsace, sehemu ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Ujerumani na leo iko Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji. Yeye mwenyewe alisoma falsafa, akasoma theolojia, akawa mhubiri pale Strasbourg, na kinanda cha kanisani alikipiga mpaka akajulikana nchi nyingi za Ulaya. Maisha yalikuwa yamemnyookea.

Mwaka 1904 akasoma kwenye jarida la wamisionari wa Paris kwamba Gabon kuna uhitaji mkubwa wa watu. Mwaka 1905, akiwa na miaka 30, akarudi kukaa darasani kusomea udaktari, na vijana wadogo. Mkewe Helene naye akasomea unesi ili waende wote. (Hapa nitabasamu kidogo jamani. Daktari husimuliwa, nesi husahaulika. Leo tumemtaja.)

Mwaka 1913 wakafika Lambaréné, kando ya mto Ogooué. Hospitali ilikuwa haipo. Chumba chake cha kwanza cha kuonea wagonjwa kilikuwa banda la kuku lililosafishwa. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Joseph Azoawani, mtu wa Gabon aliyekuwa amepikia Wazungu, ambaye alikuwa mkalimani na mkono wa kulia wa daktari. Bila Joseph, daktari angeongea na nani?

Na sikieni hili la imani. Wamisionari wenyewe waliogopa mafundisho yake, maana alikuwa na mawazo yake kuhusu Biblia. Ikabidi aahidi kwamba haendi kuhubiri, anakwenda kutibu tu. Akakubali. Baadaye walimruhusu ahubiri, lakini ile miezi ya mwanzo imani yake haikuwa na mimbari. Ilikuwa kwenye kufunga vidonda na kupasua ngiri. Mimi hapo ndipo alipoanza kunivutia.

Vita Kuu ya Kwanza ikamvuruga. Walikuwa raia wa Ujerumani kwenye koloni la Ufaransa, wakawekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1917 wakapelekwa kuzuiliwa kambini Ufaransa. Aliporudi Lambaréné mwaka 1924 majengo yalikuwa yameanguka na majani yameota. Akaanza upya.

Sasa tumefika kwenye jembe.

Mwaka 1925 mambo mawili yalikuja pamoja: njaa, na ugonjwa wa kuhara damu. Wanaume wengi walikuwa wamevutwa na biashara ya magogo porini, mashamba yakalala. Hospitali ikajaa. Wagonjwa wa kuhara wanahitaji kutengwa, nafasi ya kuwatenga hakuna. Wagonjwa wa vidonda wanahitaji kula ili kidonda kifunge, chakula hakuna, kinategemewa mchele wa kuja na meli. Dawa anayo lakini mgonjwa ana njaa. Ukimpa dawa mtu mwenye njaa unafanya nusu ya kazi, na nesi yeyote atakwambia nusu ile nyingine ndiyo ngumu.

Wengi wangeandika barua Ulaya kuomba mchele zaidi. Yeye akaamua kuhamisha hospitali nzima. Akaomba eneo kubwa, karibu kilomita 3 juu ya mto, penye nafasi ya wodi na nafasi ya kulima. Msitu ukafyekwa. Mwaka 1927 wagonjwa wakahamia. Palipandwa ndizi, mihogo, michikichi, miembe, michungwa, mashelisheli, na bustani ya mboga. Daktari mwenyewe alikuwa anasimamia shamba, kofia kichwani, kisha anaingia kupasua. Alitaka matunda yawe mengi kiasi kwamba anayechuma asiitwe mwizi. Mimi wazo hilo nalipenda mno. Si kuongeza mlinzi, ni kuongeza miti.

Jambo lingine ambalo mama wa kwetu ataelewa haraka: mgonjwa wa Lambaréné hakuja peke yake. Alikuja na mke, mama, watoto, wakati mwingine na mbuzi. Wakawasha moto nje ya wodi, wakapika chakula chao wanachokijua. Wageni waliotoka Ulaya walishangaa, wakasema hii ni hospitali au kijiji? Mimi sishangai. Nenda wodi yoyote ya watoto asubuhi uone mabibi wamebeba hotpoti. Mtoto anayekataa chakula kwa nesi anakila kwa bibi yake. Hiyo nayo ni tiba.

Ndugu wenye nguvu walitakiwa kufanya kazi shambani ndipo wapate posho ya chakula. Hapo mimi nina neno. Mama aliyekesha na mtoto mwenye degedege hapaswi kushikishwa jembe asubuhi ili apate ndizi. Lakini wazo lililo chini yake, kwamba anayemuuguza mgonjwa aondoke anajua kupanda kitu, hilo ningelichukua leo hii.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ya kitu ninachokiona kazini mara kwa mara. Mtoto analetwa miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na rangi imefifia, amekuwa mkimya. Kwashakoo. Tunamtibu wiki kadhaa, anaanza kucheka, mama anafurahi, tunamruhusu. Halafu anarudi. Ukiuliza taratibu, nyumbani kuna kuku. Mayai yapo ila yanauzwa yote, na hela inanunua soda na biskuti kwa sababu mtoto anazililia. Simlaumu mama huyo. Hela ina mambo mengi na hakuna aliyekaa naye akamweleza. Ila mtoto hajui sababu zetu. Mwili wake unajua tu kwamba yai halikufika.

Kwa hiyo nawapa kazi ndogondogo, za mwenye shamba na za mpangaji wa chumba kimoja.

Kwanza, chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Asije mtu akasema nesi kasema mpe papai mtoto wa miezi mitatu! Baada ya miezi 6 chakula kinaanza, na ziwa linaendelea hadi miaka miwili au zaidi.

Pili, ukiwa na kuku, kabla hujauza mayai toa la mtoto kwanza. Liandike kwenye hesabu zako kama deni linalolipwa mwanzo.

Tatu, kiroba cha udongo au ndoo iliyotoboka kinatosha mchicha na matembele. Matembele hayana masharti, unachomeka kipande cha mmea kinashika. Mwenye kiwanja kidogo apande mpapai. Ukiutunza, unaweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi.

Nne, mboga za majani zina madini ya chuma, lakini mwili huyachukua vizuri zaidi ukiliwa pamoja na tunda kama chungwa, embe au papai. Chai ndiyo inayoyazuia. Mama mjamzito anayeambiwa damu ndogo, halafu kila mlo anashushia na chai ya rangi, anajipunguzia mwenyewe. Kunywa chai yako, lakini iache mbali na mlo. Na vidonge vya kliniki meza kama ulivyoelekezwa, mchicha haubadilishani navyo.

Sasa la sala, na hapa najua nitapata maneno. Schweitzer alikuwa mchungaji na daktari wa theolojia. Kama kungekuwa na mtu wa kusema tuombe tu tuache dawa, angekuwa yeye. Hakusema. Mwaka 1915, akiwa kwenye boti mtoni, akiwatazama viboko majini, lilimjia wazo aliloliishi hadi kufa: kuheshimu uhai, uhai wote. Kwake kumheshimu Mungu kulikuwa na maana ya kulinda kile Mungu alichokipa uhai. Akaanza upasuaji, akapanda miti, akafuga mbuzi na ndege mwari, na Jumapili akahubiri.

Ndiyo maana inaniuma mtoto akiletwa siku ya nne, anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, na ndugu wanasema tulikuwa kwenye maombi. Mimi pia naomba. Naomba nikiwa navaa glovu. Muombee mtoto njiani, kwenye bodaboda, foleni ya mapokezi, wodini. Mungu anasikia kote huko. Ila usimuombee nyumbani huku muda unakwenda.

Nisimfanye malaika pia. Alikuja na mawazo ya kikoloni ya wakati wake. Aliwaona Waafrika kama wadogo zake na yeye kaka mkubwa, na ukaka huo hakuuacha hata Gabon ilipopata uhuru mwaka 1960. Wodi zake zilikosa umeme miaka mingi, wakati chumba cha upasuaji kilikuwa nao. Madaktari walioshika nafasi za juu pale walitoka nje. Kuna waliomkosoa vikali akiwa hai, na walikuwa na hoja. Mtu anaweza kutufundisha kupanda mti huku sisi tukikataa kuitwa wadogo zake. Tunachukua mbegu, tunaacha maganda.

Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, na hela ile ikasaidia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alifariki tarehe 4 Septemba 1965, na miaka 90, akazikwa hapohapo Lambaréné. Binti yake Rhena ndiye aliyeshika usimamizi wa hospitali baada yake.

Na kuna uzi unaofika mpaka kwetu. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto mwaka 2021, ilijaribiwa kwa watoto wa nchi 7 za Afrika. Lambaréné ilikuwa kituo kimojawapo. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi navyo vilikuwemo. Safari hii wanasayansi wa Kiafrika walikuwa ndani ya kazi yenyewe, si wa kubeba mikoba. Banda la kuku la 1913 limezaa hayo. Ukipanda huwezi kujua nani atakula.

Basi kazi ya wiki hii, mama zangu: pandeni kitu kimoja kinacholiwa. Kimoja tu. Mwenye watoto wanaotembea awape wao kazi ya kumwagilia, mtoto hukubali kula mboga aliyoimwagilia mwenyewe. Halafu niandikieni hapa chini mmepanda nini na mnaishi wapi, ili wa Dodoma kwenye ukame na wa Bukoba kwenye mvua wapeane ujuzi.

Sehemu ya 8 nitaongelea kuhara na maji ya chumvi na sukari: yanavyochanganywa, na yanavyoharibiwa. Usiku mwema. Mwenye mgonjwa ndani asisubiri sehemu ya 8, aende kituoni sasa hivi.