Mkazo wa Silabi na Urithi wa Luther katika Uimbaji wa Kanisa

Maoni haya yamechochewa na swali la mwanafunzi mmoja wa uzamili. Baraza la wazee la usharika anakoabudu lilikuwa limepiga marufuku gitaa na ngoma katika ibada ya Jumapili asubuhi, kwa hoja kwamba vyombo hivyo ni vya utamaduni wa kisasa, na kwamba Mlutheri hana budi kuimba kama Luther alivyoimba. Mwanafunzi huyo alitaka kujua iwapo isimu ina lolote la kusema juu ya jambo hilo. Naona kwamba inalo, na si dogo.

Mwaka 1525, katika kitabu alichowajibu wapinzani wake waliotaka misa igeuzwe kwa haraka kuwa ya Kijerumani, Luther alieleza kwamba kutafsiri maneno ya Kilatini na kuziacha noti zake vilevile hakuleti uimbaji mwema. Kwa maoni yake, matini na noti, mkazo na lahani, vyote hupaswa kuchipuka katika lugha ya mama na sauti yake; vinginevyo ni kuiga tu, kama nyani aigavyo. Hoja hii ni ya mwanafonolojia kabla fonolojia haijapata jina.

Sasa tujitazame sisi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa maneno machache. Mkazo huo si pambo. Neno baraBAra ni njia, na baRAbara ni sawasawa. Katika lahani nyingi za Kijerumani, hata ile ya Luther mwenyewe iitwayo Ein feste Burg, mstari wa kwanza una silabi nane. Huanza kwa pigo jepesi na kukomea kwenye pigo zito. Mfasiri anayeijaza mizani minane kwa Kiswahili ametimiza hesabu, lakini pigo zito la mwisho limeangukia silabi isiyo na mkazo. Ndipo waumini wanapoimba bwaNA na munGU, matamshi ambayo hakuna hata mmoja wao angeyatumia akiwa nyumbani kwake. Si lahani zote zenye kasoro hii. Zile ambazo mistari yake hukomea pigo jepesi zimetukaa vizuri, na nadhani si bahati tu kwamba baadhi yake watu huziimba bila kufungua kitabu.

Msomaji wa ushairi atapinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kwamba shairi letu la mapokeo huhesabu mizani wala si mkazo, na kwamba kina chenyewe hukaa kwenye silabi ya mwisho, ambayo mghani huivuta apendavyo. Ni kweli. Lakini mghani wa utenzi ana uhuru wa mwendo. Kwa masikio yangu, huivuta silabi ya mwisho bila kuinyang'anya ya kabla yake haki yake. Waumini mia tatu wanaofuata kinanda hawana uhuru huo.

Wako pia watakaosema kwamba sayansi haina nafasi ndani ya ibada. Kepler hakuona hivyo. Alikuwa Mlutheri aliyesomea teolojia Tübingen, na katika Harmonices Mundi ya mwaka 1619 alizipa sayari noti za muziki kulingana na mwendo wake. Humohumo alitangaza kanuni yake ya tatu, inayohusisha muda wa mzunguko wa sayari na umbali wake kutoka kwenye jua. Kwake kupima kulikuwa njia ya kusifu. (Kanisa lake lilimnyima Meza ya Bwana mjini Linz tangu mwaka 1612, ila sababu ilikuwa fundisho juu ya mwili wa Kristo, si nyota.)

Kuhusu vyombo sina mengi. Tarumbeta zinazopigwa katika sharika za Kilimanjaro, ambazo wazee huziona kuwa ndizo Ulutheri wenyewe, zilitoka kwa wamisionari wa Kijerumani, ambao kwao vikundi vya namna hiyo vilianza kustawi makanisani katika karne ya 19 tu. Luther hakuvijua. Gitaa limetanguliwa na tarumbeta katika ugeni, basi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba mfano bora tunao, nasi hatuutaji tunapobishana. Mwaka 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa lahani ya mapokeo ya Tanzania. Tamka jina lake polepole: mfuraHIni, haleLUya. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliufasiri kwa Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Mfasiri huyo alipofika mwisho wa mstari wa kwanza alilazimika kutafuta maneno ya Kijerumani ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Aliyapata: erSTANden, HalleLUja.