Pikipiki Kuukuu: Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wa kwetu Mtendeli huniuliza mara kwa mara. Huja ofisini kwa shughuli zao, kuandikisha ndoa au ubatizo, na nikisha kufunga kitabu mmoja huuliza: "Mwalimu, ile pikipiki yako kuukuu uliifufuaje?" Leo nitawajibu wote pamoja, nami nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Niliinunua kwa jirani aliyekuwa akichukua abiria siku zile kambi ya wakimbizi kutoka Burundi ilipokuwa hapa kwetu, tangu 2016 hadi ilipofungwa 2021. Abiria walipopungua, aliiegesha bandani, na kuku wakaanza kutagia juu ya kiti. Nilipoikuta, tairi zilikuwa zimelala, tangi lina kutu na nyaya zimekauka. Basi mimi, badala ya kushika spana, nilishika brashi. Nikaipaka rangi ya samawati, nikashonesha kiti chekundu, nikaondoa usukani wake nikaweka mwingine mrefu, uliosimama juu kama pembe za ng'ombe. Watu wakasifu. Injini ikawaka. Nikajiona fundi.

Jumamosi iliyofuata nikampakia mama yangu twende gulioni Kakonko. Tulipokuwa tukishuka mteremko, nikakata kona kuelekea kushoto, na mara injini ikanguruma yenyewe. Nikakanyaga breki, mguu ukazama pasipo kitu. Tukaingia mtaroni. Tushukuru Mungu, mama alichubuka goti tu. Alijipangusa vumbi, akajifunga kanga yake upya, akaitazama ile pikipiki, akasema: "Mwanangu, leo umenipakia kwenye rangi." Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, na kwa miezi minne hakutaka kupanda tena.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa kosa langu. Usukani ule mrefu ulihitaji waya mrefu wa mafuta, nami niliacha ule wa zamani. Kila nilipogeuza usukani kushoto, waya ulivutwa na injini ikapata mafuta bila mkono wangu kutaka. Na breki za nyuma zilikuwa zimelika kabisa. Mimi nilipaka rangi juu ya habu pasipo kufungua ndani.

Sasa sikilizeni utaratibu niliojifunza baada ya hapo.

Kwanza kabisa ni kadi. Kabla ya kutoa fedha, linganisha namba zilizogongwa kwenye fremu na kwenye injini na zile zilizoandikwa katika kadi. Zisipolingana, iache pikipiki hapo hapo, hata ikiwa bei ni ndogo. Zikilingana, hakikisha kadi inahamishiwa jina lako.

Pili, chagua mahali pa kazi. Fanya kazi nje, mbali na moto wa jikoni. Petroli ya zamani uliyoitoa usiiweke katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi alama. Na tangi likivuja, usikubali lichomelewe na moto kabla ya kusafishwa kabisa na mtu aijuaye kazi hiyo. Tangi tupu linaloonekana halina kitu lina mvuke wa petroli, na mvuke huo hulipuka.

Tatu, breki. Fungua magurudumu yote mawili. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, maana breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Breki shuu zilizolika nunua mpya. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki na alama kando yake. Ukikanyaga breki na mshale ukaifikia alama, breki zimekwisha. Waya wenye uzi hata mmoja uliokatika, utupe.

Nne, magurudumu. Gonga kila spoki kwa kijiko. Iliyokazwa italia, iliyolegea itatoa sauti ya kufa. Tikisa gurudumu kushoto na kulia: likicheza, beringi zimechoka. Cheni iwe na ulegevu wa kama sentimita 2 hivi, na meno yaliyochongoka yabadilishwe pamoja na cheni.

Ndipo uje kwenye injini. Hapa watu wengi huogopa bure. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea vijijini zina injini iliyofuata mfano wa Honda CG125 ya miaka ya 1970. Injini hiyo ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mingi na kutunzwa kidogo. Vali zake husukumwa kwa fimbo, hupozwa kwa upepo, na spana chache zatosha kuifungua. Lakini ikiwa imelala muda mrefu, usiikimbilie kwa kiki. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili katika tundu lake, uache usiku kucha, kisha uizungushe polepole. Ukiipiga kiki ikiwa kavu, utakwaruza silinda.

Oili ya zamani imwage yote katika debe, utie mpya. Injini hiyo huchukua karibu lita moja. Ile chafu usiimwage karibu na kisima wala kijito. Kutu ya tangi huondoka kwa siki na kokoto ndogo: tikisa, acha, tikisa tena, suuza, kisha ukaushe vizuri kabla ya kutia petroli. Vitundu vya kabureta visafishe kwa petroli na uzi laini wa shaba. Usitumie sindano, maana utavipanua, na injini itakunywa mafuta kama mlevi.

Mambo hayo yakisha, hapo una ruhusa ya kupamba. Wala sisemi mapambo ni mabaya. Hata nyumba hupakwa chokaa. Lakini chagua mapambo yenye faida. Kipande cha tairi kuukuu chini ya madigadi huzuia tope la masika. Keria ya chuma hubeba gunia la maharage, mradi isitokeze mbali nyuma ya gurudumu, maana mzigo ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haukusikii. Taa nyingi za rangi huimaliza betri. Na kutoboa bomba la moshi hakuongezi nguvu ya maana. Kunaamsha wagonjwa na watoto tu. Ukibadili usukani, ugeuze mpaka mwisho pande zote mbili injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, usiondoke.

Mwisho, ijaribu kwa daraja. Siku ya kwanza isukume kwa miguu na ufunge breki. Siku ya pili ipande peke yako mahali tambarare. Siku ya tatu ifungie gunia la mchanga nyuma, ushuke nalo mteremko mdogo. Gunia likifika salama, ndipo umpakie mtu, naye awe na kofia ngumu kama wewe.

Mimi gunia langu la mchanga lilishuka mteremko ule ule mara tano, mama akiwa amesimama juu kando ya barabara, mikono kifuani, akitazama. Mara ya tano alisema, "Haya, shusha mchanga." Akapanda.

Rangi ya samawati imekwisha kubambuka sehemu nyingi sasa, nami sijaipaka nyingine. Breki nimezibadili mara mbili. Nawe msomaji, kabla hujamwita mtu akae nyuma yako, jiulize: umeikagua kama mtu atakayembeba mama yake?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.