Tahadhari kwa Gatina: Kazi ya Urusi ni Biashara ya Vita

Kijana wa Gatina, ukiletewa habari ya kazi Urusi wiki hii, usilipe hata shilingi moja, usimwachie mtu pasipoti yako, wala usitie sahihi karatasi yoyote kabla hujasoma maneno haya hadi mwisho. Kama umekwisha kulipa, bado hujachelewa. Pesa iliyopotea hutafutwa tena, hata kama ni kwa kibarua cha mjengo. Roho haitafutwi.

Nayasema haya mapema kwa sababu mitaa kama yetu ndiyo soko wanalolitaka watu hawa. Kila asubuhi vijana na kina mama hutoka Gatina na Kawangware kwa miguu kwenda Lavington na Kileleshwa kutafuta kazi ya siku: kubeba mawe, kufua nguo, kulinda lango. Wenzao wa Kibera hufanya vivyo hivyo. Wapo wenye diploma waliochoka kusambaza barua za kuomba kazi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna mshahara wa shilingi 350,000 kwa mwezi, moyo hutangulia na maswali hubaki nyuma. Wanaokuja na ahadi hiyo wanalijua jambo hilo vizuri sana.

Yaliyokwisha kutokea

Septemba 2025, makachero wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, waliingia katika nyumba za kupanga huko Athi River na kuwatoa vijana zaidi ya 20 waliokuwa wakingoja kusafirishwa kwenda Urusi. Polisi walisema vijana hao walikuwa wametia sahihi mikataba na wakala wa ng'ambo, mikataba iliyowafunga kulipa hadi dola 18,000 za viza, safari na malazi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Kijana anaondoka nyumbani akiwa na deni ambalo kibarua cha Nairobi hakiwezi kulilipa maishani, na anayemdai ndiye anayeamua apelekwe wapi.

Mwezi huohuo, jeshi la Ukraine lilionyesha video ya Mkenya liliyemteka vitani. Alikuwa mwanariadha. Alieleza kwamba alikwenda Urusi kama mtalii, akapewa karatasi zilizoandikwa kwa Kirusi, lugha asiyoijua, akatia sahihi akidhani ni kazi ya kawaida. Kumbe alikuwa amejiandikisha jeshini.

Novemba 2025, Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alisema huenda Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wameingia katika jeshi la Urusi, na kwamba mitandao ya kuwaandikisha ilikuwa bado inafanya kazi. Februari 2026, kiongozi wa walio wengi katika Bunge la Taifa, Kimani Ichung'wah, alisoma ripoti ya Shirika la Ujasusi la Taifa iliyotaja Wakenya zaidi ya 1,000. Katika miezi mitatu hesabu iliyotangazwa imeongezeka mara tano. Ubalozi wa Urusi jijini Nairobi umekana kuhusika na uandikishaji haramu, huku ukisema sheria za nchi yao haziwazuii wageni kujiunga na jeshi kwa hiari. Lakini hiari ya mtu aliyeambiwa anakwenda kuwa dereva, mlinzi au msafishaji ni hiari gani?

Wasichana nao wana mtego wao

Wazazi wengi hudhani hatari hii ni ya wavulana peke yao. Sivyo. Katika jimbo la Tatarstan, karibu kilomita 1,000 mashariki ya Moscow, kuna eneo la viwanda liitwalo Alabuga. Humo hutengenezwa droni za kulipuka za aina ya Shahed, zilizobuniwa Iran, ambazo Urusi huzirusha kwenye miji ya Ukraine. Mwaka 2022 ulianzishwa mpango uitwao Alabuga Start, unaowalenga wasichana wa Afrika na kwingineko wa umri wa miaka 18 hadi 22. Matangazo yake mitandaoni huonyesha nyuso zenye furaha, tiketi ya bure, na mafunzo ya upishi, hoteli na usafirishaji wa bidhaa.

Oktoba 2024, shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi wake: wanawake wapatao 200 kutoka nchi za Afrika, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo, walikuwa wakiunda droni kiwandani humo. Waliozungumza walisimulia saa nyingi za kazi, kuchungwa kila wakati, na kemikali zilizowachoma ngozi. Na kiwanda cha silaha hulengwa na adui. Aprili 2024 droni ya Ukraine iliruka umbali wote huo ikapiga bweni la Alabuga na kujeruhi watu. Binti aliyeagwa kwenda kujifunza hoteli alijikuta amelala katika shabaha ya vita.

"Sisi ni mawakala tu"

Ukimkabili wakala na habari hizi, atakwambia yeye hapigani na mtu. Kazi yake ni kushughulikia viza, kukata tiketi na kumuunganisha mwajiri na mfanyakazi. Biashara ni biashara.

Hapo ndipo naomba tusimame, kwa sababu neno hilo limetudanganya muda mrefu. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na vita vya namna hiyo huhitaji watu, silaha na pesa. Anayempeleka kijana mstari wa mbele amelipatia jeshi mtu. Anayempeleka binti Alabuga amekipatia kiwanda cha silaha mikono. Na kwa kila kichwa, yeye anaingiza pesa. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa safari hii wana ofisi, mihuri na namba za simu.

Dunia imekwisha kuhukumu utetezi huu. Mwaka 1946, mahakama ya kijeshi ya Uingereza mjini Hamburg ilimhukumu kifo Bruno Tesch, mfanyabiashara aliyeuza dawa ya kuulia wadudu iitwayo Zyklon B kwa kambi ambamo Wanazi waliitumia kuua binadamu. Hakumuua mtu kwa mkono wake. Aliuza bidhaa akijua inakwenda kufanya nini, na hiyo ilitosha. Karibu zaidi na sisi, Lafarge, jina ambalo Wakenya wanalijua kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa Bamburi Cement, ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani Oktoba 2022. Mwaka 2013 na 2014 kiwanda chake nchini Syria kiliwalipa wapiganaji wa Islamic State ili saruji iendelee kutoka. Nayo ilikuwa "biashara tu". Iligharimu takriban dola milioni 778.

Kenya nayo ilikwisha kusema msimamo wake. Siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wetu Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alikumbusha ulimwengu kwamba Afrika ilirithi mipaka isiyoichora yenyewe, lakini ikachagua kutoifuta kwa damu. Machi 2, 2022, Kenya ilipiga kura pamoja na nchi nyingine 140 kulaani uvamizi huo. Kisha vita vikatufikia jikoni: ngano nyingi tunayoitumia hutoka Urusi na Ukraine, bei ya unga ikapanda, na mama anayepika mandazi na chapati kando ya barabara akapunguza ukubwa wa mandazi ili asipoteze wateja. Nchi iliyoulaani uvamizi, na ambayo maskini wake waliulipia kwa unga, haiwezi kuruhusu kampuni zake ziuendeleze kwa kuuza vijana walewale.

Hoja mbili zinazostahili jibu

Wapo watakaosema: mwenye njaa hana miiko. Nani atawalisha hawa vijana? Hoja hii naiheshimu, maana njaa ya Gatina si ya kusimuliwa. Lakini miiko ninayoidai si ya kijana mwenye njaa. Ni ya mtu aliyeshiba anayeitumia njaa hiyo kama mtaji. Kijana anastahili kuambiwa ukweli wote: kazi ni ya bunduki, mahali ni Ukraine, na wengi hawarudi. Wakala anayeuficha ukweli huo anajua kwamba angeusema, asingempata hata mteja mmoja.

Wengine watauliza: mbona Urusi tu? Marekani na Uingereza hazikuivamia Iraq mwaka 2003? Ziliivamia. Na kampuni zilizotajirika kwa damu ya Wairaki zinastahili hukumu hiyohiyo. Kipimo kiwe kimoja: anayewachukua watoto wetu kwa udanganyifu na kuwapeleka kulihudumia jeshi la uvamizi, la taifa lolote, ni mfanyabiashara wa watu. Leo tangazo linalozunguka ni la Urusi, ndiyo maana tahadhari ya leo ni ya Urusi. Kwa watu wa Urusi hatuna ugomvi, na wapo Wakenya wengi waliosoma huko wakarudi na shahada zao salama.

Nairobi haina udhuru wa kusahau. Kariokor, mtaa tunaonunulia vyondo na viatu vya ngozi, ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikikusanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Wanaume wa nchi hii walibebeshwa mizigo ya vita vya Wazungu, na makumi ya maelfu ya wapagazi wakafa, wengi kwa njaa na maradhi. Babu zetu walichukuliwa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Wajukuu wao sasa wanatakiwa wajilipie nauli.

Dalili za kuangalia

- Unaambiwa kazi ni ya kulinda, kuendesha gari au kusafisha, lakini viza ni ya utalii. Mtalii hana haki ya mfanyakazi.
- Mkataba uko kwa Kirusi, au utapewa "ukifika". Usitie sahihi usichoweza kukisoma.
- Unaahidiwa bonasi kubwa ya kuanza, uraia wa haraka na "mwaka mmoja tu". Tangu Septemba 2022, amri ya Rais Putin imeacha mikataba ya wanajeshi iendelee hata muda wake ukiisha. Anayekuahidi mwaka mmoja anakuahidi asichokimiliki.
- Unahimizwa uondoke upesi, ukae na wenzako nyumba moja, usiwaambie jamaa, au upitie nchi jirani badala ya uwanja wa ndege wa JKIA. Ripoti iliyosomwa bungeni ilisema njia hizo zilianza kutumika baada ya ukaguzi kukazwa hapa.
- Wakala anakuonyesha cheti cha kusajili kampuni. Cheti hicho si leseni ya kupeleka watu ng'ambo. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya mawakala walioidhinishwa iko wazi. Itafute mwenyewe, au mwombe mtu akutafutie.

Kila mmoja ana la kufanya sasa

Wakala hawezi kufanya kazi peke yake mtaani. Anahitaji saiba ya kuchapisha fomu, mpiga picha za pasipoti, mwenye nyumba wa kumpangishia vyumba vya kungojea, mkopeshaji wa kumpa kijana nauli, kijana maarufu mtandaoni wa kusambaza tangazo, na wakati mwingine mchungaji au mzee wa mtaa wa kulitangaza kwa nia njema. Kila mmoja wao hupata kidogo, na kila mmoja aweza kusema sehemu yake ilikuwa ndogo. Kampuni inayofanya biashara na vita huanzia hapo, katika vipande vidogo ambavyo hakuna anayeviunganisha.

Basi viunganisheni. Mwenye saiba, ukiona fomu za Urusi zinachapishwa kwa makundi, uliza. Mwenye nyumba, vyumba vyako vikipangwa na kujazwa vijana wasioruhusiwa kutoka, piga simu. Mkopeshaji, usimkopeshe mtu nauli ya kwenda asikokujua. Mchungaji na imamu, tangazo la kazi lisisomwe mbele ya waumini kabla ya leseni ya NEA kuthibitishwa. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 inamtia hatiani anayeandikisha na pia anayesafirisha au kumficha mtu kwa ajili ya kumnyonya. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Wazazi, mtoto akisema amepata kazi majuu, msishangilie kabla ya kuuliza jina la mwajiri, mji atakaofanyia kazi na aina ya viza. Akikasirika, akasirike akiwa nyumbani.

Namba ya DCI ya kutoa habari bila malipo ni 0800 722 203, na huhitaji kutaja jina lako. Aliyekwisha kutia sahihi na apige leo, kabla ya siku ya safari. Aliye na ndugu huko aandikishe jina lake katika Wizara ya Mambo ya Nje, maana serikali haiwezi kumdai mtu ambaye haijui kwamba alitoka.

Maneno haya yasomwe kwa sauti katika vikao vya chama, kwenye steji ya boda boda, na katika kila nyumba yenye kijana anayesubiri simu ya wakala. Simu hiyo ikija, jibu liwe moja Gatina nzima: hatuuzi watu vitani.