Tiketi mbili, safari moja

Mhariri,

Sisi wa Robanda tukienda ng'ambo, wengi hushuka Mwanza kwa barabara, wakaruka hadi Dar es Salaam ndipo waunganishe ndege ya nje. Mpwa wangu aliyekuwa akienda kusoma Ulaya alikwama hapo. Ndege ya Mwanza ilichelewa. Akasubiri begi jengo la pili la abiria, akakimbilia la tatu, akakuta dirisha limefungwa. Wakala alimkatia tiketi mbili zisizohusiana, wala hakumwambia. Kila shirika likasema, "Hilo halituhusu." Nauli ikalipwa upya, mbuzi wa babu yake ndio wanajua.

Ingekuwa tiketi moja, shirika lingemtafutia ndege nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inakwenda mbali zaidi: shirika la huko likikutoa Dar ukafika huko umechelewa zaidi ya saa nne kwa kosa lake, unadai yuro 600. Hali mbaya ya hewa haimo.

Wasafiri, kagueni karatasi: mkiona misimbo miwili ya uhifadhi, kila mmoja wa herufi au tarakimu sita, ulizeni. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) nayo iwalazimishe mawakala kuandika wazi, tena kwa Kiswahili, kabla hawajapokea hela.

Msomaji,
Robanda, Serengeti