Wiki mbili za fundi wa madirisha zinaanza kuhesabiwa lini?

Nyumba nyingi zinazojengwa Himo, kuanzia Njiapanda hadi kwenye migomba ya kuelekea Marangu, hupitia hatua moja inayofanana. Bati limeshapanda, mlango wa mbele una kitasa, sebule imepigwa rangi ya kwanza, lakini madirishani kumetundikwa nailoni au kumegongelewa vipande vya mabati. Familia imeshahamia kwa sababu kodi ya nyumba ya kupanga imeisha, au kwa sababu ndugu wa Dar es Salaam wanakuja Desemba. Wazazi wakiulizwa, jibu huwa fupi: "Tunasubiri madirisha."

Lawama zote humwangukia fundi. Wapo mafundi wanaostahili, lakini mara nyingi ucheleweshaji ulianza miezi kadhaa nyuma, siku baba na mama walipokaa na kupanga ujenzi. Dirisha liliingia kwenye hesabu ya fedha. Kwenye hesabu ya siku halikuingia.

Dirisha si bati

Saruji, nondo na bati mtu huzifuata dukani asubuhi na jioni zipo kiwanjani. Dirisha la aluminiamu na kioo kwa kawaida haliko hivyo. Hutengenezwa kwa kipimo cha uwazi mmoja, wa ukuta mmoja, wa nyumba moja.

Na uwazi huo hauna kipimo cha kweli mpaka kingo zake zipigwe plasta. Ramani inaweza kusema sentimita 150, lakini plasta ikishakauka upana ukawa 147 juu na 146 chini. Ndiyo maana fundi makini hupima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha urefu kushoto, katikati na kulia. Huchukua kipimo kidogo kuliko vyote na kupunguza milimita chache ili fremu iingie bila kulazimishwa. Mzazi anayemsukuma fundi akate fremu kwa kutazama ramani, ili kuokoa wiki moja, anajitafutia dirisha lisiloingia au lenye mwanya wa kuzibwa kwa silikoni nene.

Kioo cha usalama, kile kinachoimarishwa kwa moto ili kikivunjika kitoke vipande vidogo visivyo na ncha kali, kina sharti gumu zaidi. Kikishapitishwa kwenye moto hakikatwi tena. Kikipishana na fremu kwa sentimita moja tu, kinaagizwa kingine. Familia yenye watoto wadogo inayotaka kioo hicho kwenye dirisha la chini au mlango wa kioo inapaswa kujua hilo kabla ya kipimo kuchukuliwa.

Swali ambalo halikuulizwa

Mazungumzo ya karakana yanafahamika. Mama anauliza, "Fundi, yatakuwa tayari lini?" Fundi anajibu, "Wiki mbili tu, mama." Wanaagana kwa amani, kila mmoja akiwa na kalenda yake kichwani.

Mama anahesabu kuanzia siku ile. Fundi anahesabu kuanzia siku atakapopokea malipo ya awali, au atakapokwenda kupima, au mzigo wa fremu na vioo utakapomfikia. Kati ya kalenda hizo mbili kunaweza kuwa na mwezi mzima, na hakuna aliyedanganya.

Swali linalookoa familia ni hili: wiki mbili kuanzia lini? Likifuatiwa na mengine matatu, mambo huwa wazi. Je, fremu za rangi hiyo na kioo cha unene huo vipo karakanani leo, au vinaagizwa? Kuna kazi ngapi mbele ya hii? Na hizo wiki mbili ni za kutengeneza tu, au pamoja na kusafirisha na kufunga?

Himo iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha, hivyo mzigo hufika bila kuzunguka. Lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500. Rangi nyeupe ya kawaida inaweza kuwepo karibu, wakati ile ya mbao au kioo chenye maua kinasubiri gari la mzigo. Umeme ukikatika, msumeno unasimama. Na kuanzia Novemba, kila mwenye nyumba mkoani Kilimanjaro anataka kumaliza kabla ya Krismasi. Foleni inakuwa ndefu hata kwa fundi mwaminifu.

Grili hutangulia

Familia nyingi huagiza grili na dirisha kwa pamoja, tena mwishoni. Grili ya chuma inayoshikizwa ukutani huwekwa kabla ya plasta, ili miguu yake ifunikwe vizuri na ukuta usichimbwe tena. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea anapaswa kupewa kazi mara tu nyumba inapopauliwa, na aelezwe dirisha litakuwa la aina gani, ili grili isichukue nafasi ya fremu.

Hapohapo wazazi wakumbuke moto. Grili zote zikiwa za kudumu, chumba cha watoto hugeuka mtego mlango ukizibwa na moshi. Grili moja ya chumbani iwe ya kufunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo mtoto anapajua na mwizi hawezi kuufikia kwa mkono.

Anayechagua fremu za mbao, ziwe za mninga au mkongo, ana kalenda nyingine kabisa. Fremu hizo hujengewa ukutani wakati tofali zinapanda, hivyo huagizwa boma likiwa bado chini, na mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi hujipinda ukutani, na baada ya masika dirisha halifungi.

Kuhesabu kurudi nyuma

Njia rahisi ni kuanza na siku ambayo watoto watalala ndani, kisha kurudi nyuma. Chukua familia inayotaka kuhamia Desemba 5, na fundi amesema kutengeneza ni wiki tatu.

Kumalizia rangi, kusafisha vioo na kukausha nyumba kunahitaji wiki mbili, hivyo madirisha yawe yamefungwa kufikia Novemba 21. Kusafirisha na kufunga kupewe siku tano, kuanzia Novemba 16. Wiki tatu za kutengeneza zinarudisha hesabu hadi Oktoba 26. Zikiongezwa wiki mbili za dharura, kwa ajili ya mzigo kuchelewa, umeme au msiba, malipo ya awali yanapaswa kutoka Oktoba 12. Wiki moja kabla, Oktoba 5, ni ya kupima na kulinganisha bei za mafundi wawili au watatu. Plasta ya kingo za madirisha ipewe wiki ya kumwagiliwa maji na kukauka, kwa hiyo iwe imekamilika Septemba 28. Grili zilikuwa ukutani kabla ya hapo.

Familia iliyodhani ina miezi miwili mpaka Desemba inagundua kuwa siku ya kuamua ilikuwa Agosti. Hesabu hii haiongezi gharama hata shilingi moja. Inahitaji karatasi na jioni moja ya mazungumzo, na ni vizuri fundi mkuu awepo, maana plasta iko mikononi mwake.

Wanaolenga kuhamia kabla ya masika, yanayoanza Machi, wahesabu vivyo hivyo. Kwao kuna tatizo jingine: kazi inaangukia Januari, mwezi wa ada na sare za shule.

Fedha ifuate hatua

Wengi hujenga kwa fedha ya mkononi, mkopo wa SACCOS au mgao wa VICOBA. Madirisha huja mwishoni, fedha ikiwa imekwisha kwenye marumaru na gypsum. Hapo fundi hulipwa kidogokidogo, naye hutengeneza kidogokidogo, huku kazi ya aliyelipa vizuri ikimpita.

Ni afadhali marumaru zisubiri. Familia inaweza kuishi kwenye sakafu ya saruji mwaka mzima bila madhara, lakini haiwezi kuishi hivyo bila madirisha. Fedha ya madirisha itengwe tangu siku ya kupaua, isiguswe na kazi nyingine.

Makubaliano yaandikwe hata kama fundi ni mtoto wa jirani: idadi ya madirisha, vipimo vyake, rangi ya fremu, unene wa kioo, nyavu za mbu, tarehe ya kuanza kuhesabu na tarehe ya kumaliza kufunga. Malipo yagawanywe katika awamu: ya kuanza kazi, ya fremu zikishaonekana karakanani, na ya mwisho baada ya kila dirisha kufunguliwa na kufungwa mbele ya mwenye nyumba. Ujumbe wa malipo kwenye simu usifutwe.

Kama yameshachelewa

Kwa familia ambayo tayari iko ndani, la kwanza ni usalama. Huku juu, Juni hadi Agosti usiku huwa wa baridi kali, na kishawishi cha kuziba kila uwazi na kuingiza jiko la mkaa chumbani ni kikubwa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje, watoto waongezewe blanketi. Upande wa chini, kuelekea Holili, joto na mbu ndio shida. Kila kitanda kiwe na chandarua, na uwazi wa dirisha upigiliwe wavu badala ya nailoni.

La pili ni kubadili agizo. Badala ya kusubiri madirisha yote 9 kwa mkupuo, baba na mama wanaweza kumwomba fundi amalize mawili ya chumba cha watoto kwanza, wayalipie kikamilifu, na mengine yafuate kwa tarehe iliyoandikwa. Mafundi wengi hukubali, kwa kuwa kazi ndogo iliyolipwa hupita haraka kwenye foleni kuliko kazi kubwa yenye deni.