Tabora ni zaidi ya tembe la Livingstone

Mgeni anayekwenda Tabora kwa ajili ya mambo ya kale kwa kawaida hupelekwa Kwihara, kilomita chache nje ya mji, akaonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, akapiga picha mlangoni, kisha akarudi mjini kuulizia usafiri wa kuondoka. Tembe hilo lina haki ya kutembelewa, ingawa kuta zinazoonekana leo ni za ukarabati wa miaka ya 1950. Tatizo ni jinsi ziara yenyewe ilivyopangwa: mji ulioshika ufunguo wa biashara ya bara kwa miongo mingi unaelezwa kupitia mpangaji mmoja aliyekaa miezi sita akisubiri wapagazi. Tukiupanga upya utalii wa Tabora kuwazunguka wapagazi hao na watemi waliowatoza kodi matajiri wa msafara, mgeni atapata sababu ya kulala siku tatu, na mkazi wa Cheyo au Ng'ambo atapata sababu ya kwenda kuona kilicho nyuma ya nyumba yake.

Njia ya kati ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, ilichukua miezi mitatu hivi kwa miguu. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori kavu la siku kadhaa ambalo misafara ililiogopa kuliko vita, kwa kuwa kisima kikikauka hapakuwa na pa kukimbilia. Aliyelivuka pori hilo huku amebeba frasila mbili za pembe au mzigo wa merikani na shanga alikuwa, mara nyingi, Mnyamwezi aliyepatana ujira na posho yake kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake: kirangozi mbele, ngoma, nyimbo, kambi za kila kabila, hata migomo pale mwenye mali alipotaka kupunguza chakula. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 hawakugundua chochote. Walikuta maghala ya Waarabu wa Omani na Unguja, wakapokewa na Snay bin Amir, na kabla ya Waarabu hao Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamekwisha kupeleka pembe zao pwani. Ramani ambazo Ulaya ilizishangilia zilichorwa kwa kufuata nyayo zao.

Watemi nao wamesahauliwa kwa namna ya ajabu. Mnywa Sele aliporithi kiti cha Unyanyembe baada ya Fundikira, alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, naye akapigana kutoka porini kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865. Kwa lugha ya leo huo ulikuwa mgogoro wa nani ana haki ya kukusanya mapato, na sioni mada inayomhusu msomaji wa Kitanzania zaidi ya hiyo. Mirambo wa Urambo alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga na Waarabu kumshambulia, wakashindwa vibaya, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ndipo amfikie Livingstone. Kwa hiyo hata kisa kile kinachouzwa kwa watalii dunia nzima hakieleweki bila Mirambo. Isike naye, Januari 1893, aliwasha ghala lake la baruti ndani ya boma lake kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani wa Tom von Prince. Mataifa mengine yangemjengea mtu kama huyo sanamu katikati ya mji.

Wapo wanaosema hoja hii ni nzuri kitabuni tu, kwani Tabora hakuna cha kuona. Mahekalu ya mawe hakuna, magofu makubwa kama ya Kilwa hakuna, na tembe za udongo zimeliwa na mvua. Lakini Timbuktu nayo, ukingoni mwa Sahara, ni mji wa udongo unaohitaji kusiribwa upya mara kwa mara, na UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1988. Watu walifunga safari kwenda kuuona kwa sababu walikwisha kusikia habari za chumvi, dhahabu na vitabu vyake. Habari ndiyo iliyowafanya wazitazame kuta. Isitoshe, si kweli kwamba Tabora ni tupu. Reli ya kati ilifika hapo 1912, na karakana ya reli ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kugonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, wakati Wajerumani wamezingirwa na fedha zimewaishia; wakusanyaji wa sarafu wanazitafuta mpaka leo. Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini na askari wao wa Kongo. Kuna boma la Wajerumani na kuna shule ya wavulana aliyosoma Julius Nyerere. Januari 1958 mkutano wa TANU ulifanyika hapahapa na kufikia Uamuzi wa Busara, yaani kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, kwa Mwafrika, Mwasia na Mzungu, badala ya kuususia. Zuberi Mtemvu, mwanachama aliyeupinga uamuzi huo, alikasirika akaanzisha chama chake. Mji ambao uhuru ulijadiliwa kwa hasira namna hiyo hauwezi kuitwa mahali pasipo na cha kuona.

Pingamizi zito zaidi ni la utumwa. Tanzania iliiweka njia ya kati ya misafara katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006 kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na wengine wanahofu kwamba kuwasifu wapagazi ni kufunika minyororo. Hofu hiyo ina msingi. Njia ileile iliyompitisha kibarua mwenye ujira ilimpitisha pia mtoto aliyetekwa Manyema, na wenyeji walikuwemo miongoni mwa wauzaji. Mirambo mwenyewe hakuwa malaika, na vijana wake, rugaruga, walichoma vijiji. Uhusiano wa wafanyabiashara na watemi ulikuwa wa kifamilia pia: baba yake Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na Tippu Tip mwenyewe aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mgeni aelezwe yote hayo kwa uwazi. Masimulizi ya Mzungu mwema aliyepinga utumwa katikati ya watu wasio na majina ndiyo yanayoficha mengi, maana hayaonyeshi nani alinunua, nani aliuza, wala nani alikataa.

Wengine watasema jina la Livingstone linaleta wageni, tusilichezee. Hakuna anayetaka kulifuta. Kinachotakiwa ni kulimalizia. Baada ya kufa kwake mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake, na Oktoba wakafika Unyanyembe, ambako msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Nani amewahi kuonyeshwa pale Kwihara mahali walipokataa? Kwa maoni yangu hicho ndicho kisa kikubwa kuliko vyote vya tembe lile, na kinawahusu Waafrika waliokuwa na hiari ya kugeuka wasigeuke.

Gharama yake haitishi. Zinahitajika mbao za maelezo kwa Kiswahili kwenye boma la Isike na pale ulipofanyika mkutano wa 1958, waongozaji vijana waliofunzwa na wazee wa Unyanyembe, na ratiba inayomfikisha mgeni Urambo siku ya pili na kwa warina asali wa Sikonge siku ya tatu, ikiwezekana kati ya Mei na Oktoba wakati barabara za vumbi zinapitika. Treni ya SGR imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024 na ujenzi unaelekea Tabora. Halmashauri ina muda wa kuandaa hayo kabla abiria wa kwanza hawajashuka, na pa kuanzia ni boma la Isike.