Daftari la Wiki: Mafaili ya mashushushu

Berlin, kando ya Mto Spree, yako Makumbusho ya DDR, yaani Ujerumani Mashariki ya zamani, na humo mgeni anaruhusiwa kushika vitu. Unafungua droo, unachungulia makabati, unakaa kwenye usukani wa Trabant, gari lenye bodi ya plastiki iliyochanganywa na pamba. Raia wa Ujerumani Mashariki aliliagiza, kisha akalisubiri zaidi ya miaka 10. Wageni wanacheka na kupiga picha.

*

Humo pia mna fleti nzima ya ghorofani, sebule hadi jikoni. Mzanzibari hatashangaa. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wake. Watu waliotoka vibandani wakapata maji ya bomba na umeme. Wema huo ulikuwa wa kweli, na sipendi unaposahauliwa.

*

Lichtenberg, mtaa mwingine wa Berlin, hakuna kicheko. Hapa palikuwa makao makuu ya Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, na ofisi ya waziri wake, Erich Mielke, bado ina samani zake. Kuna kamera iliyofichwa ndani ya ndoo ya kumwagilia maua. Mwaka 1989, katika nchi ya watu kama milioni 16, Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na mashushushu wa mitaani wapatao 180,000. Hao walikuwa majirani, walimu, wafanyakazi wenzako. Mwanaharakati Vera Lengsfeld, aliyekuja kuwa mbunge, aligundua kuwa aliyekuwa akimchongea ni mumewe.

*

Tarehe 15 Januari 1990 wananchi waliingia katika majengo hayo kuzuia mafaili yasiharibiwe. Yalikuwa mengi mno: yakipangwa rafuni yanafika kilomita 111. Baadhi walitaka yafungwe, wakihofia visasi. Bunge la Ujerumani iliyoungana likaamua vingine, na sheria ya Desemba 1991 ikampa kila mtu haki ya kusoma faili lake. Maombi yaliyokwisha kupokewa ni zaidi ya milioni 3.

Kwangu haki hiyo ni kubwa kuliko kuanguka kwa Ukuta wa Berlin. Aliyepelelezwa anastahili kujua kilichoandikwa juu yake na nani alikipeleka, hata kama ukweli huo utavunja ndoa.

*

Ukifika Berlin, usiishie kwenye Trabant. Panda treni ya U5 kutoka kituo cha Museumsinsel, ushuke Magdalenenstraße, kwenye makao hayo ya Stasi.